Mama, kitanda usitandike

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga. Nimelifupisha kidogo:

"Nina miaka 67. Binti yangu aliyeko Houston amenikatia tiketi mimi na mjukuu wangu wa kike wa miaka 14, twende safari ya siku saba kwa meli ya kitalii mwezi wa Desemba, kutoka bandari ya Galveston, huko huko Marekani. Boti ya Pemba nimepanda mara nyingi, lakini kulala melini sijawahi. Binti ananiambia kuna mwanamume atakayekuwa anaingia chumbani asubuhi na jioni kututandikia vitanda. Hilo limeninyima raha. Kitanda changu natandika mwenyewe tangu nina akili zangu, tena naona haya mwanamume nisiyemjua aone vitu vyangu. Je, nimkatalie? Nimpe pesa? Nikae naye vipi? Na hicho chumba, nikishaingia nianze na nini?"

Shikamoo Mama. Swali lako limenigusa penyewe, maana huyo mwanamume unayemwonea haya ndiye mimi. Miaka tisa nilikuwa stiwadi wa kabini kwenye meli za kitalii, nyingi zikizunguka bahari hiyo hiyo ya Karibi mnayokwenda, kabla sijarudi Mombasa kufundisha vijana kazi ya vyumba vya hoteli. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyesimama upande wa pili wa mlango wako, mashuka mkononi.

Usimkatalie. Ukitaka unaweza, utatundika kile kibao cha kuomba usisumbuliwe na ataheshimu. Lakini kikikaa mlangoni siku mbili tatu mfululizo, msimamizi atakuja kuhakikisha mko wazima, na hapo utakuwa umeita watu wawili badala ya mmoja. Isitoshe, chumba cha meli ni kidogo, aghalabu mita za mraba 15 hivi, na bafu lake ukilipima kwa mikono unagusa kuta zote. Watu wawili, taulo zenye maji, siku saba. Utamhitaji.

Haya yako naielewa. Basi ngoja nikuonyeshe kazi inavyofanyika. Stiwadi haingii kimyakimya. Anagonga kwa kifundo cha kidole, anatangaza kazi yake kwa sauti, anangoja. Anagonga tena, anangoja. Ndipo anafungua kwa kadi yake, na mlango anauacha wazi muda wote aliomo ndani, toroli lake likiwa hapo nje ukumbini. Hodi ya kwetu ile ile, ila yake ina kanuni. Ukiwa ndani hujajistiri, sema tu "baadaye" kwa Kiingereza chochote ulicho nacho, atapita chumba cha pili na kurudi. Mlango una komeo la ndani pia. Litie kila mnapokuwemo.

Na vitu vyako hatuviangalii. Si kwamba sisi ni malaika, bali hatuna wakati. Nilikuwa na vyumba 18, na asubuhi kila kimoja nikikipa dakika kumi na tano ni saa nne na nusu zimekwisha, hapo sijahesabu aliyemwaga kahawa kwenye zulia wala aliyerudi kitandani baada ya kifungua kinywa. Kanuni unayoweza kuitegemea ni hii: kilichoko juu ya kitanda au kiti atakikunja na kukiweka pembeni, kilichomo ndani ya droo au sanduku hakigusi. Nguo za ndani tia kwenye droo ya juu siku ya kwanza, na hilo limekwisha.

Ila jambo moja tahadhari nalo. Vitu vidogo usivifunge kwenye karatasi laini ukaviacha mezani. Mkataba wangu wa kwanza, mzee mmoja alifunga meno yake ya bandia kwenye karatasi ya pua, akayaweka karibu na glasi, akaenda kuogelea. Mimi nikaona karatasi chafu. Taka za melini hazitupwi ovyo, zinashuka chini kwenye chumba maalumu zikachambuliwe kwa mkono, plastiki kwake, chakula kwake, vioo kwake. Basi jioni ile nilikaa chini huko saa mbili nzima na glavu hadi viwikoni, nikifungua kifuko kimoja kimoja, mpaka nikayapata, yamekaa kwenye ganda la ndizi yananicheka. Tangu siku hiyo karatasi yoyote iliyokunjwa naibonyeza kwanza. Wewe usimtegemee wako kuwa ameshafundishwa na meno ya mtu. Miwani, pete, kifaa cha kusikilizia: vyote kwenye sefu ndogo iliyomo kabatini. Unachagua namba mwenyewe. Mwambie mjukuu aikariri na yeye.

Chumba kinasema, Mama, hata mwenyewe akinyamaza. Mto uliotupwa sakafuni asubuhi unaniambia shingo yako haipendi mto mnene. Taulo tatu kwenye kiti ni baridi ya usiku. Stiwadi mzuri anayasoma hayo na siku ya pili unakuta mto umebadilishwa na blanketi limeongezwa bila wewe kusema. Na kuna siku mimi nilisoma, chumba nacho kikanisoma. Nilikuwa na miezi mitano baharini sijasikia Kiswahili ila kwenye simu. Nikaingia kabini moja ya ndani, nikakuta kanga imetupiwa mgongoni mwa kiti, imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Nikaikunja, nikailaza juu ya mto, maandishi yakiwa juu na yamenyooka. Jioni yule bibi alikuwa ananingoja ukumbini. Alizaliwa Unguja, anaishi Toronto. Hakunisalimu, aliniuliza, "Nani hapa anajua kusoma?" Safari nzima ikawa jina langu ni Mwanangu.

Sasa kitanda. Usitandike. Najua mkono utawasha, lakini ukikitandika mimi nalazimika kukivunja nianze upya, kwa sababu shuka linakunjwa pembeni kwa namna moja kwenye vyumba vyote na msimamizi anapita kukagua. Umenipa kazi mara mbili kwa nia njema. Ukitaka kumsaidia, ondoa nguo na mikoba juu ya kitanda, na taulo unayotaka ibadilishwe iache sakafuni bafuni. Iliyotundikwa maana yake bado unaitumia. Hayo mawili yanamwokolea dakika kuliko kitanda ulichotandika kwa ufundi wote wa Tanga.

Kujua siku yake inavyokwenda ndiko kujua kukaa naye. (Saa ninazoandika ni za kwetu. Ratiba ya meli imeandikwa Kizungu, toa sita au ongeza sita.) Anaanza saa moja na nusu au saa mbili asubuhi, anakwenda hadi saa saba hivi, anapumzika, anarudi jioni saa kumi na moja na nusu mpaka saa tatu na zaidi usiku. Siku imegawanywa hivyo kwa sababu ya kazi yenyewe na kwa sababu ya sheria. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unataka baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na yakigawanywa yawe mafungu mawili tu, moja lisipungue saa 6. Hana siku ya Jumapili. Mkataba wake ni wa miezi sita hadi tisa, na kila siku ya hiyo miezi ana vyumba vya kuingia.

Siku yake ngumu kupita zote ndiyo siku yako ya kwanza. Asubuhi hiyo meli imetia nanga Galveston, abiria wa wiki iliyopita wanashuka, na kati ya saa mbili na saa saba mchana vyumba vyote vinavuliwa na kuvikwa upya: mashuka, taulo, bafu, sefu, chini ya vitanda. Wewe unapanda saa saba umependeza, umevaa dera jipya, unamkuta ukumbini anatabasamu. Miguu yake inawaka moto. Hapo watu wengi hufanya kosa: wanamshika na maombi kumi na mawili, na ukumbi mzima unafanya hivyo hivyo, kila mtu na yake, na yeye hana hata kalamu. Msalimie, muulize jina, mtajie lako na la mjukuu, basi. Mwachie maombi yako kwenye karatasi, au myaseme jioni anapopita. Machache, yote kwa mara moja. Anayeomba kitu kimoja kila saa ndiye anayechosha. Mwenye maombi matano yaliyosemwa mara moja tunampenda.

Ningekuwa wewe ningeomba haya. Kwanza vitanda vitenganishwe. Kwenye kabini nyingi kitanda kikubwa unachokiona ni vitanda viwili vidogo vimesukumwa pamoja, na bibi hana sababu ya kupigwa mateke na msichana wa miaka 14 usiku kucha. Lisemwe mapema, kabla ya chakula cha jioni, kwa kuwa anahitaji kusogeza meza na kubadilisha mashuka. Pili, blanketi la ziada: kiyoyozi kinapunguzwa tu, aghalabu hakizimiki kabisa. Tatu, kama una dawa ya kukaa kwenye ubaridi, aondoe soda na vinywaji vilivyomo kwenye kijokofu. Vile si zawadi, ukifungua kimoja unatozwa. Kijokofu chenyewe baridi yake ni ya kuzuga, basi kama dawa ni insulini mwambie, na umwombe pia kisanduku cha kutupia sindano, usizitie kwenye kapu la taka ambalo yeye analishika kwa mkono.

Nne ni saa za kuingia. Binti yako amekwambia asubuhi na jioni. Zamani ndivyo ilivyokuwa kila mahali, lakini tangu baada ya korona kampuni kadhaa zimebaki na mara moja kwa siku kwenye vyumba vya kawaida. Muulize. Ikiwa ni mara moja, chagua asubuhi mnapokuwa kwenye kifungua kinywa. Na kuanzia hapo hamtakutana chumbani hata siku moja. Haya yako dawa yake kubwa ndiyo hiyo, Mama: ukitoka kwa saa zile zile kila siku, yeye anaingia kwa saa zile zile.

Ombi la tano ni la chooni, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndilo ambalo watu wetu wanaona aibu kuliuliza, halafu wanateseka wiki nzima.

Choo cha meli hakivuti kwa maji mengi, kinafyonza kwa hewa, kwa kishindo ambacho mara ya kwanza kitamrusha mjukuu wako. Funika kifuniko, bonyeza. Mabomba yake ni membamba na yanaunganisha vyumba kadhaa, kwa hiyo akitupa mtu pamba, taulo ya kike au kitambaa chenye maji cha kupangusia, mnaziba nyote, na fundi anaanza kugonga milango usiku. Kinachoingia humo ni kilichotoka mwilini na karatasi ya hapo hapo. Na maji ya kujitawazia hakuna. Hakuna mpira, hakuna ndoo, hakuna kopo. Karatasi tu.

Sasa sikiliza. Stiwadi wako kwa uwezekano mkubwa atakuwa Mfilipino, Mwindonesia au Mhindi. Kwao Wafilipino kopo la chooni lipo, wanaliita tabo, na wengine wanasafiri nalo baharini. Waindonesia wanalo, wanaliita gayung. Wahindi wana lota. Katika watu wote waliomo kwenye meli ile, abiria elfu kadhaa, huyo unayemwonea haya ndiye pengine atakayekuelewa kabla hujamaliza sentensi. Mwombe jagi la plastiki la maji, useme ni la bafuni. Hatauliza. Mimi nilikuwa nikiombwa hivyo na wageni wa Kiarabu na Kipakistani, nikaweka majagi yangu mawili pembeni kwenye stoo kabisa. Hata hivyo nitakushauri uje na kopo lako dogo kutoka nyumbani. Nitarudi kwenye hilo.

Vitu vingine vya nyumbani viache nyumbani. Udi na chetezo, Mama, hapana, hata kidogo, hata dirishani. Dari lina kifaa kinachonusa moshi, na moshi wa udi hakiujui kuwa ni wa heri. Watakuja watu wenye mitungi ya hewa mgongoni. Mshumaa vivyo hivyo. Pasi na birika la umeme vitachukuliwa wakati wa kupekua mizigo na kurudishiwa mwisho wa safari. Ekstensheni ya umeme kampuni nyingi zimeipiga marufuku, hasa zile zenye kizuizi cha umeme mkali, kwa vile waya za meli hazikufungwa kama za nyumbani na kifaa kile kinaweza kuwasha moto badala ya kuzuia. Moto ndio baharia anaouogopa kuliko wimbi. Plagi za melini ni za Kimarekani za volti 110, mara nyingi pamoja na za Ulaya za matundu ya duara za volti 220. Plagi yetu ya pembe tatu haiingii kokote, basi njoo na adapta ndogo. Chaja za simu hazisumbuki na volti, ila soma maandishi yake kwanza.

Kitu kidogo kitakachokufaa ni ndoana za sumaku, zile za kutundikia vitambaa vya jikoni. Kuta za kabini ni chuma. Ukibandika nne, kanga, kofia na mkoba vina mahali, na sakafu inabaki wazi. Masanduku matupu yanaingia chini ya kitanda. Mlango wa bafu una kizingiti kirefu cha kuzuia maji, na ndicho kinachoangusha wazee kuliko mawimbi. Usiku acha taa ya bafu ikiwaka na mlango umeegeshwa, hasa kama kabini yenu haina dirisha. Giza la kabini ya ndani si la kawaida, huoni hata kiganja. Mkipewa chumba chenye roshani, msifungue mlango wa roshani na wa ukumbini kwa wakati mmoja. Upepo unaubamiza ule mzito, na vidole havina akiba.

Kupotea mtapotea siku mbili. Kumbi ni ndefu na zimefanana. Tarakimu ya kwanza au mbili za kwanza za namba ya chumba ni ghorofa, zilizobaki ni chumba chenyewe. Kisha jiulize tu omo, yaani mbele ya meli, iko wapi, na tezi, nyuma yake, iko wapi. Meli nyingine zulia la ukumbini limechorwa samaki, na samaki wote wanaogelea kuelekea omo. Mwambie mjukuu awe anawatazama.

Kibla. Tanga mnaelekea karibu kaskazini hasa kwa kuwa Makka iko juu yenu kwenye ramani. Galveston na Ghuba ya Meksiko ni kaskazini-mashariki, si mashariki kama wengi wanavyodhani, maana dunia ni duara na njia fupi inapita juu. Shida si hiyo, shida ni kwamba meli ni chuma tupu na dira ya simu ndani yake inachanganyikiwa, na meli yenyewe inageuka. Washa televisheni ya chumbani, tafuta chaneli ya ramani ya safari. Inaonyesha omo imeelekea wapi muda ule. Ukijua omo imeelekea kusini, kwa mfano, simama utazame tezi, halafu geuka kidogo kuliani. Angalia upya kila swala, usitegemee ya jana. Shuka safi la kusalia ukiliomba utaletewa, au utumie kanga yako.

Mtakuwa na usiku wa kwanza na angalau siku nzima ya pili baharini kabla ya bandari ya kwanza. Aliyevuka mkondo wa Pemba kwa boti hataona la ajabu. Hizi ni kubwa na zina mapezi ya kuzituliza. Lakini Desemba pepo za baridi hushuka kutoka bara la Marekani zikaitikisa Ghuba siku moja mbili. Tufaha la kijani na biskuti kavu ndiyo dawa ya mabaharia, na tangawizi uliyonayo. Mkitapika au kuharisha, piga simu ya hospitali ya meli na mwambie stiwadi. Msimfiche eti kwa haya. Kuna ugonjwa wa tumbo unaoenea melini kama moto wa makuti, na yeye akijua anakuja na dawa nyingine ya kusafishia; asipojua anaubeba kwa kitambaa hadi chumba cha 18.

Kabla meli haijang'oa nanga kuna zoezi la dharura, na si la kukwepa. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32. Abiria waliopandia Civitavecchia jioni ile ile walikuwa bado hawajafanya zoezi, kwa sababu sheria ya wakati huo iliruhusu kungoja hadi saa 24. Tangu mwaka 2015 linafanywa kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Kadi yako ina herufi au namba ya kituo chenu cha kukusanyikia. Nendeni mkakione kwa miguu. Ishara ni milio mifupi saba na mmoja mrefu. Na jambo ambalo abiria hawalijui: usiku wowote ikilia kweli, huyo wa mashuka ana kazi yake. Stiwadi ndio wanaopita chumba kwa chumba, wanafungua, wanatazama hadi bafuni, wanatia alama kuwa hakuna aliyebaki. Ndiyo maana siku ya kwanza nilikuwa nachungulia nani anatembea kwa mkongojo na nani hasikii vizuri. Kama magoti yako yanasumbua kwenye ngazi, mwambie.

Umeuliza pesa. Meli nyingi za soko la Marekani hutoza bakshishi zenyewe, dola 16 hadi 20 hivi kwa kila mtu kwa siku kwa chumba cha kawaida, na mtoto wa umri wa mjukuu wako anatozwa kama mkubwa. Kwenu wawili, siku saba, ni kati ya dola 224 na 280. Mwulize binti kama ameshalipa pamoja na tiketi, usije ukalipa mara mbili. Fungu hilo linagawiwa stiwadi, wahudumu wa mezani na wengine msiowaona. Sikushauri ulifute, ingawa utasikia watu wakijisifu wamelifuta. Juu ya hapo hudaiwi kitu. Ukipenda kumpa chako, dola 20 kwenye bahasha, mkononi, jioni ya mwisho. Asubuhi ya kuondoka hutampata, atakuwa ameshaanza kuvua vitanda. Noti, si sarafu, maana sarafu hazibadiliki kwao. Kama ni kitu, tuseme kikoi, andika kikaratasi kuwa ni zawadi, utie jina na namba ya chumba. Meli nilizofanyia kazi walinzi walikuwa wakituuliza vitu tumevipata wapi.

Kuna chenye thamani kuliko bahasha. Safari ikiisha wanatuma maswali ya maoni. Andika jina lake kwa herufi sahihi, na jambo moja alilofanya. Sifa za jumla msimamizi anazipita kwa jicho. "Alitenganisha vitanda vyetu bila kuombwa mara mbili" inasomwa kwenye kikao cha asubuhi.

Kukaa naye: muulize ametoka mji gani, ana watoto wangapi, amebakiza miezi mingapi. Hili la mwisho ndilo swali la baharia, ukimuuliza atajua umetoka pwani. Usimwalike akae, wala usimkaribishe chai chumbani. Kukaa kwenye kiti cha abiria kunaweza kumfukuzisha kazi. Naye usimwite kijana. Mwite kwa jina. Mjukuu asiende kupiga gumzo naye ukumbini peke yake, si kwa kumshuku mtu, bali kanuni za meli kwa mabaharia ni kali mno juu ya hilo na atakayeumia ni huyo stiwadi. Mazungumzo yao yatakuwa ya taulo: jioni mtakuta taulo imekunjwa ikawa tembo kitandani, kesho imekuwa nyani amening'inia kwenye hanga. Mjukuu akimvalisha huyo nyani miwani yake ya jua, kesho yake atakuta amefanyiwa kitu zaidi.

Usiku wa mwisho masanduku yanawekwa nje ya mlango yakiwa na lebo za rangi, kabla ya saa tano au sita za usiku, na asubuhi unayakuta bandarini. Bakisha nguo za kuvaa. Nimeona wanaume wazima wakishuka Marekani na suruali za kulalia na viatu vya kuazima.

Na siku ya kupanda ni hivyo hivyo kinyume chake: masanduku makubwa unayakabidhi kwa wapagazi bandarini, na yanaweza kufika mlangoni saa moja au mbili usiku. Pasi za kusafiria, dawa, nguo moja ya kubadilisha, vyote viwe kwenye mkoba wa mkononi. Na kopo, Mama. Kopo pia mkobani, si kwenye sanduku.